Kinyago Kilichoamka Usiku: Maswali na Majibu kuhusu Uchongaji wa Kimakonde

Anayefika kwenye kijiji cha wachongaji cha Mwenge, Dar es Salaam, husikia kabla hajaona. Ko, ko, ko: tezo juu ya gogo gumu, halafu mkwaruzo wa tupa, halafu msasa. Mafundi wameketi chini, gogo limebanwa kati ya nyayo, vumbi jeusi limewaganda mikononi. Kwenye rafu wamepangwa akina mama wenye mitungi, wazee wenye mikongojo, minara ya watu waliobebana mabegani, na viumbe ambao hakuna kitabu cha shule kinachowataja: huyu ana jicho moja, yule ana sikio linalofika gotini, mwingine tumbo lake ni tundu unaloweza kupitisha mkono.

Mtalii huuliza bei. Wenyeji huwa na maswali mengine, na mara nyingi huondoka nayo kwa kuona haya kuuliza. Yafuatayo ndiyo yanayorudi zaidi.

Kwa nini ni Wamakonde, kati ya makabila yote, waliojulikana kwa uchongaji?

Wenyewe wana jibu, nalo limo katika hadithi ya asili yao. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyetumwa kutoka Leipzig, alizunguka kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania mwaka 1906, akakaa Newala, na kuiandika kama alivyosimuliwa.

Palikuwa na kiumbe mmoja, peke yake porini. Hakuwa binadamu bado, ila alitamani kuwa binadamu. Haogi, hanyoi. Siku moja akachonga gogo likapata umbo la mtu, akalibeba hadi alipokuwa akilala, akalisimamisha. Usiku gogo likaamka, na lilikuwa mwanamke. Wakateremka mto Ruvuma kuoga. Huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahama, wakakatiza uwanda wa juu hadi bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta. Wa tatu akaishi.

Wazee waliitumia hadithi hii kueleza kwa nini vijiji vyao vilijengwa juu uwandani, mbali na mabonde, hata pale ambapo kuchota maji kulikuwa safari ya asubuhi nzima. Mchongaji anaisikia kwa sikio lingine. Katika simulizi za watu wengi, Mungu ndiye anayefinyanga mtu. Hapa anayechonga ni kiumbe nusu, mchafu, mwenye upweke, na ni ile kazi ya mikono inayompa mke, kisha watoto, kisha kabila. Tezo imetangulia ndoa. Na mtu wa kwanza kamili katika hadithi ni yule mwanamke aliyetoka kwenye mti. Si ajabu kwamba katika jamii inayohesabu ukoo kwa upande wa mama, umbo la mwanamke limechongwa kuliko umbo lolote jingine.

Basi vinyago vya mpingo ni sanaa ya kale sana?

La. Hapo ndipo wengi hushtuka. Uchongaji wenyewe ni wa kale, lakini kile kinachouzwa leo kama kinyago cha Kimakonde, cheusi na cha kung'aa, kina umri wa mtu anayekaribia kustaafu au aliyestaafu zamani kidogo.

Kabla yake zilichongwa barakoa za ngoma, fimbo, vizibo vya vichupa vya dawa na tumbaku vyenye vichwa vya watu, pamoja na sanamu ndogo za wanawake. Mti uliotumika kwa barakoa ulikuwa mwepesi, maana kitu cha kuvaliwa kichwani na kuchezwa nacho hakiwezi kuwa kizito kama jiwe.

Mabadiliko yalikuja kutoka pande mbili za Ruvuma. Upande wa Msumbiji, Wareno walichelewa kuushika uwanda wa Mueda. Walifaulu mnamo 1917. Misheni ya Kikatoliki ikafunguliwa Nangololo mwaka 1924. Wamisionari na maofisa wakaanza kuagiza: msalaba, Bikira Maria, kichwa cha mzee, mama anayetwanga. Upande wa Tanganyika kulikuwa na mkonge. Wamakonde walivuka mto kwa maelfu kwenda kukata mkonge Lindi, Mtwara na hadi Tanga, na baadhi yao walikuwa na tezo kwenye furushi. Wengine wakasonga hadi Dar es Salaam, ambako katika miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa akinunua vinyago vyao na kuwahimiza wachonge mpingo.

Kisha siasa ikaongeza wahamiaji. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Wareno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. Mwaka 1962 chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam, na Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza, jimbo la Cabo Delgado, kwao Wamakonde, likiwa uwanja wake wa kwanza. Kwa hiyo sanaa ambayo vitabu vya watalii huiita ya kijijini na ya tangu enzi, kwa kiasi kikubwa ilizaliwa mjini, mikononi mwa watu walioacha kijiji.

Mapiko ni nini, na yanatofautianaje na kinyago cha dukani?

Lipiko, wingi wake mapiko, ni barakoa ya Kimakonde ya kuvaliwa kichwani kama kofia. Mchezaji huona kupitia mdomo wake, hivyo hutembea uso wa mti ukiwa umetazama juu kidogo. Ubora wake upo kwenye sura: nywele za kweli za binadamu zimepandikizwa, chale za usoni zimechorwa au kubandikwa kwa nta, na kama ni mwanamke, mdomo wa juu una ndona, kile kipande cha mti walichotobolea mdomo na kuvaa bibi wa zamani.

Mapiko hutoka wakati wa kuwapokea vijana waliotoka jandoni na wasichana waliotoka unyagoni. Zamani yalichongwa kwa siri, mbali na macho ya wanawake na watoto, na yalisemwa kuwa ni wafu waliorudi kusherehekea na wazima. Kijana aliyeingia jandoni alifunuliwa kwamba chini ya uso ule yupo mjomba wake, jasho linamtiririka.

Kinyago cha dukani hakina siri hiyo. Kimechongwa ili kitazamwe kikiwa kimesimama, pande zote, na mtu yeyote. Hata hivyo damu ni moja: chale zile zile, ndona ile ile, na tabia ile ile ya kumchonga mtu fulani mwenye kichekesho chake badala ya mtu wa jumla. Mapiko yalimchonga askari wa kikoloni, Mhindi mwenye duka, mzee mwenye makamasi. Uwanjani watazamaji walimtambua, wakacheka.

Mashetani walianza vipi kuchongwa?

Jina linalotajwa ni Samaki Likankoa, na mwaka unaotajwa ni takriban 1959. Husimuliwa kwamba alikuwa akichonga sanamu ya kawaida ya binadamu, sehemu yake ikavunjika mkononi. Gogo la mpingo ni mali. Halitupwi hivi hivi. Samaki akaacha kutafuta binadamu ndani ya gogo lile, akaendelea na kilichobaki, na kilichotokea kilikuwa kiumbe kilemavu, chenye viungo visivyolingana. Aliyekijua alikiita kwa jina lake: shetani. Peera alikipenda na kuomba vingine.

Kisa hiki kinaeleweka zaidi ukiutazama mti wenyewe. Mpingo haunyooki. Una mafundo, matundu, mikono inayojikunja. Kwa anayetaka mama mwenye mtungi, kila fundo ni hasara. Kwa anayetaka shetani, fundo ni goti, na tundu ni tumbo. Wachongaji waliomfuata Samaki walijifunza kuligeuza gogo na kulizungusha mpaka wamwone aliyejificha humo.

Wala hawakuwabuni kutoka hewani. Kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji watoto hukua wakisikia habari za nandenga wa porini. Pwani nzima inamjua kibwengo wa majini na majini wa kila namna. Mtu amekutana na mmoja wao njiani usiku, mkulima amepotezwa shambani kwake mwenyewe, mvuvi amesikia anaitwa jina. Simulizi hizi zilikuwa na kila kitu isipokuwa mwili, na mpingo ukawapa viumbe hao mwili.

Je, mchongaji anawaamini mashetani anaowachonga?

Kiswahili kina methali iliyojibu zamani: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mchongaji huanza na gogo alilolinunua kwa fedha yake, analijua upande ulioliwa na mchwa, anajua jino gani la shetani lilikatika na kurekebishwa. Hana sababu ya kumkimbia.

Lakini kutotishwa si sawa na kutoamini. Wapo wanaosema viumbe hawa wapo kweli na sura zao huwajia ndotoni. Wapo wanaosema ni hadithi za bibi tu. Wengi husimama katikati, kama walivyo Waswahili wengi kuhusu majini. Dini nazo zimeingia humo: kusini mwa Tanzania Wamakonde wengi ni Waislamu, na ng'ambo ya Ruvuma Wakatoliki ni wengi. Fundi anaweza kuitikia adhana, akanawa vumbi la mpingo, akaswali, akarudi kumalizia masikio ya shetani. Ukimuuliza, atakuambia hiyo ni kazi.

Kinachoonekana wazi kwenye kazi zenyewe ni kicheko. Mashetani wa Kimakonde huvutana masikio, hupigana mateke, hunyonyeshana, huendeshana kama punda. Ni majirani wenye tabia mbaya zaidi kuliko kuwa viumbe wa jehanamu.

Kinyago cha ujamaa kilitokana na Azimio la Arusha?

Jina ndiyo, umbo hapana. Mnara wa watu waliobebana, wakubwa kwa wadogo, wote wakitoka kwenye gogo moja bila kuungwa popote, ulikuwapo kabla ya Februari 1967. Wachongaji waliuita dimoongo. Anayetajwa kuuanzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950, na kinyago chake cha kwanza cha aina hiyo kilimwonyesha mshindi wa mieleka akibebwa juu na wenzake.

Baada ya Azimio, nchi nzima ikawa inalitamka neno ujamaa, na mnara ule ulionekana kama uliokuwa ukingojea jina. Ulifaa kuwekwa ofisini, kupewa mgeni wa taifa, kuchapwa kwenye kalenda. Mshindi wa mieleka aliyekuwa juu akageuka kuwa mzee wa ukoo, au mama mzazi wa wote, na waliombeba wakawa vizazi.

Ukikitazama kinyago kizuri cha ujamaa kwa utulivu, hakina upole wa mabango ya miaka ile. Mmoja anatwanga, mwingine anavuta kiko, wa tatu amekanyagwa kichwani na hajafurahi. Wa chini kabisa ameinama, amebeba wote. Mchongaji aliyekata mkonge anajua mzigo huishia wapi. Kipimo cha ufundi ni mwanya: mkono mwembamba uliotenganishwa na mbavu, mwanga unaopenya kati ya miguu ya watu 20, bila kipande kimoja kukatika.

Fasihi imeingiaje hapa?

Miaka ile ile ambayo mashetani wa mpingo walikuwa wakijaa madukani Dar es Salaam, walipanda pia jukwaani. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa kusini hiyo hiyo, alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, inayotokana na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na nabii aliyesemekana kuingiwa na mzimu wa majini, Hongo. Mwaka 1971 ikafuata Mashetani, ambamo vijana wawili, Juma na Kitaru, huigiza mchezo chini ya mbuyu: mmoja Binadamu, mwingine Shetani. Shetani huyo si wa porini tena. Ni ukoloni uliobadili nguo.

Hakuna haja ya kudai kwamba mwandishi alimwiga mchongaji, au kinyume chake. Wote wawili walichota kisima kimoja cha simulizi, katika mji mmoja, wakati nchi mpya ilikuwa ikiuliza ni nani hasa aliyeondoka na ni nani aliyebaki. Mchongaji alijibu kwa sura: upo mtindo wa kumchonga mkoloni au askari wake na shavu lililovimba na kofia, akikaribiana sana na mashetani wa rafuni.

Kuna undugu mwingine kati ya kinyago na hadithi. Fundi wa zamani akikuuzia shetani, hukuuzia pamoja na kisa: huyu alikuwa akienda kuiba mihogo, akakutana na nyoka, nyoka akamwingia sikioni, sasa wanaishi pamoja. Kinyago kisicho na kisa huonekana hakijamalizika, hata kama kimepigwa msasa.

George Lilanga alikuwa nani, na kwa nini jina lake hutajwa peke yake?

Alizaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1934, akajifunza kuchonga akiwa mdogo, kwanza kwenye mizizi ya mihogo, baadaye kwenye mpingo. Katika miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam na kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa na mtawa wa Kimarekani, Sista Jean Pruitt. Kazi aliyoipata ilikuwa ulinzi wa usiku. Mchana alionyesha vinyago vyake, na haukupita muda mrefu akahamishwa kutoka getini kwenda meza za wasanii.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa kwa wingi Washington, Marekani. Lilanga aliwatoa mashetani kwenye weusi wa mpingo. Aliwachonga kwenye mti laini na kuwapaka rangi kali za mafuta, nyekundu, buluu, njano. Akawachora kwenye turubai, akawachapa kwenye karatasi, akawafua kwenye bati. Wa kwake wana masikio makubwa, midomo ya kupasuka, matumbo mbele, vidole vichache vya miguu, nao wako kwenye shughuli za kila siku: wanaenda hospitali, wanacheza mpira, wamebeba mizigo, wanagombana kwa sababu ya mapenzi. Mbele ya picha ya Lilanga, mkazi wa Kariakoo humwona jirani yake.

Kisukari kilisababisha akatwe miguu yote miwili, naye aliendelea kufanya kazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Juni 2005. Wakati huo kazi zake zilikuwa zikizunguka Ulaya ndani ya maonyesho makubwa ya Africa Remix. Kabla yake, mwaka 1989, Mmakonde wa Msumbiji, John Fundi, alikuwa amewafikisha mashetani wa mpingo Paris, katika maonyesho ya Magiciens de la Terre. Lilanga hutajwa peke yake kwa sababu alikuwa wa kwanza kuufanya mtindo wa wengi uonekane kama mwandiko wa mtu mmoja.

Je, vinyago vya Wakamba wa Kenya vinahusiana na hivi?

Vinahusiana kwa mbali, na njia yenyewe ni ya kuvutia. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, aliletwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akakutana na wachongaji wa Kizaramo. Wazaramo walikuwa na urithi wao, ukiwemo mwana hiti, umbo dogo la gogo lenye kichwa na matiti ambalo mwali alipewa alipokuwa ndani. Munge aliporudi nyumbani alianza kuchonga, akawafundisha wengine, na Wamunyu ikawa kiwanda cha twiga, vifaru na wapiganaji vinavyouzwa Nairobi na Mombasa.

Tofauti ni kwamba Wakamba walijenga biashara yao juu ya wanyama, na Wamakonde juu ya watu na mizimu.

Kwa nini lazima uwe mpingo? Na utatosha?

Mpingo ni mzito kiasi kwamba kiini chake huzama majini. Mita moja ya ujazo inaweza kupita kilo 1,200. Ugumu huo unamruhusu fundi kuchonga kidole chembamba kama njiti kisivunjike. Kiini ni cheusi au cha zambarau iliyokolea, na kukizunguka kuna tabaka jembamba la njano hafifu. Mafundi wengi huliacha tabaka hilo kwenye kitako au mgongoni mwa kinyago, liwe ushahidi.

Mti huo huo ndio hutoa klarineti, obo na zumari za Uskoti, na mahitaji hayo ni ya zamani. Mpingo hukua polepole mno: miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa. Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, iliwekwa kwenye orodha ya mkataba wa CITES ya biashara inayodhibitiwa. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa vifaa vya muziki vilivyokamilika na kwa bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja, kwa hiyo mgeni anayebeba kinyago kimoja mkobani hajawa mhalifu.

Wilayani Kilwa kumefanyika jambo la kuigwa. Vijiji kama Kikole na Kisangi vilipewa haki ya kusimamia misitu yao ya asili, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Mti ambao kijiji kilikuwa kikiuuza kwa bei ya soda ulianza kujenga madarasa na visima. Kwa wachongaji wadogo wa mjini, hata hivyo, gogo zuri limekuwa ghali na linatoka mbali, na ndiyo sababu vinyago vidogo vimeongezeka na minara ya urefu wa mtu imepungua.

Mnunuzi atajuaje kwamba hajauziwa mti mwingine uliopakwa rangi?

Akinyanyue kwanza. Kinyago cha kiganja kimoja kikiwa chepesi, maswali yaanze. Apanguse kitako kwa kitambaa chenye maji: kiwi ya viatu itatoka. Atafute ule ukingo wa njano, ambao ni vigumu kuuigiza. Mwisho aombe kisa cha kinyago. Muuzaji aliyenunua jumla hatakuwa nacho, fundi atakaa chini.

Ni kweli kwamba barakoa ya Kimakonde iliibwa na kurudishwa?

Ni kweli. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ilivunjwa na vitu kadhaa kuibwa, likiwamo lipiko moja la thamani. Mwaka uliofuata lilinunuliwa na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva, na mwaka 1990 likatambuliwa kuwa ndilo lililopotea. Mazungumzo yalichukua miaka 20, na Mei 2010 lilikabidhiwa tena kwa Tanzania.

Ni mojawapo ya mifano michache ya urithi wa nchi hii kurudi nyumbani, na ulikuwa mkasa wa wizi wa juzi, uliokuwa na karatasi za kuthibitisha. Mapiko ambayo Weule aliyachukua mwaka 1906 yaliondoka kwa njia nyingine, kwa ununuzi na ubadilishanaji chini ya bendera ya wakoloni, mwaka mmoja baada ya Maji Maji kuanza. Hayo ni mazungumzo mengine, na bado hayajaisha.

Wanawake wako wapi katika sanaa hii?

Kwa muda mrefu walikuwa ndani ya gogo, hawakuwa wameshika tezo. Kuchonga kulikuwa kwa wanaume, na siri ya mapiko ilizuia hata kutazama. Mwanamke alipewa udongo: alifinyanga vyungu na mitungi, akaichora nakshi zile zile zilizokuwa kwenye ngozi yake.

Reinata Sadimba alizaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Nemu, uwandani Mueda. Alijifunza ufinyanzi kama wasichana wenzake, akashiriki harakati za FRELIMO, na katikati ya miaka ya 1970 vyungu vyake vikaanza kuota vichwa. Vikapata mikono, matiti, watoto migongoni. Mtungi ukawa tumbo la mama, shingo ya chungu ikawa shingo ya mtu anayetoa nyoka au kichwa cha pili. Nyuso zikajaa chale. Wengine walimwona ameharibikiwa. Mwaka 1980 akavuka kuja Tanzania, akaishi na kufanya kazi huku hadi 1992, kisha akaenda Maputo, ambako Makumbusho ya Historia ya Asili ilimpa nafasi ya karakana na kazi zake zikaenea duniani.

Katika hadithi aliyoiandika Weule, mwanamke anachongwa na kiumbe mpweke, anasimamishwa kando ya malazi, anaamka usiku. Katika karakana ya Maputo mwanamke wa Kimakonde ameketi sakafuni na udongo mapajani, amejichora chale usoni kwa mtindo wa uwanda wa Mueda, na anayesubiri kuamka ni yule aliye mikononi mwake.